Kufuli bila ugomvi: mwongozo kamili wa kulinda nyumba ya Tanga bila kugombana kila usiku

Mambo huwa hivi. Jirani anaibiwa mtungi wa gesi, jioni ileile baba anatangaza sheria tano mpya, na wiki haijaisha zimebaki mbili: moja anaifuata mama peke yake, nyingine inazua kelele kila kijana akichelewa kurudi. Mwezi wa pili mlango wa uani unalala wazi kama zamani. Wanaojaribu tena huongeza ukali, na huanguka palepale.

Wanaanguka kwa sababu wanapima upande mmoja tu. Kila tabia ya usalama inaziba njia fulani ya mwizi, au haizibi chochote; na kila tabia inamgharimu mtu fulani usingizi, joto, muda au heshima. Ukipima hatari ukaacha kupima bugudha, utatunga sheria isiyofuatwa. Ukipima bugudha peke yake, utalala mlango wazi. Hatua hizi zinapima vyote viwili, kisha zinampa fundi kazi kubwa na kuiachia kumbukumbu ya watu waliochoka kazi ndogo.

Nimeandika nikiwaza nyumba za Ngamiani, Makorora na Mabawa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, pengine na wapangaji ndani. Wewe wa Raskazone mwenye uzio na geti, fuata hizihizi, utarukaruka kidogo kwenye hatua ya 5.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Likishajaa lifungie kabatini, maana litakuwa na orodha ya udhaifu wote wa nyumba yako.
- Tochi na futi ya fundi.
- Kufuli za shaba kwa milango inayotumia kufuli. Hewa ya chumvi ya hapa hula kufuli za chuma za bei rahisi. Zikikwama, watu huacha kuzifunga.
- Komeo nene, mbili kwa kila mlango wa nje, na skrubu za inchi 3.
- Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani.
- Misumari ya kutundikia funguo, mmoja kwa kila mtu mwenye ufunguo.
- Balbu ya wati 5 kwa ajili ya nje.
- Jioni mbili, na watu wote wanaolala humo ndani. Dada wa kazi na mpangaji wamo.

Komeo, kufuli na skrubu usinunue kabla ya hatua ya 4. Anayeanza dukani hununua kufuli kubwa la mlango wa mbele, na mwizi anapitia uani.

## Hatua ya 1: Jua kilichotokea kweli mtaani

Nenda kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uulize mambo manne kuhusu kila tukio la karibuni: kiliibiwa nini, saa ngapi, waliingilia wapi, na nani alikuwa nyumbani. Vijana wa ulinzi shirikishi wanajua zaidi ya hapo, waulize na wao. Polisi kata naye ana picha ya kata nzima.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu habari hukua ikitembea. "Wamevunja nyumba" ikifuatiliwa, mara nyingi mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ukishauliza vizuri utaona matukio yanaangukia mafungu machache:

- Kudokoa vya uani: nguo kwenye kamba, sufuria, kuku, mtungi wa gesi, pampu ya maji.
- Upondo: mti mrefu wenye ndoano unapitishwa kwenye nondo za dirisha, unatoka na suruali, mkoba au simu.
- Mlango uliorudishiwa bila kufungwa. Dakika mbili zinatosha.
- Kuvunja hasa, yaani kung'oa nondo, kupiga mlango au kufumua bati. Hupenda nyumba isiyo na watu, au usiku wa mvua kubwa wakati bati linapiga kelele kuliko nyundo.

Mafungu matatu ya kwanza hayahitaji nguvu wala ufundi, na ndiyo yanayozuilika kwa gharama ndogo.

Lipo na la "kupuliziwa dawa", yaani kwamba wezi hupuliza dawa ya usingizi dirishani kabla ya kuingia, ambalo limefunga madirisha mengi bure. Dawa ya usingizi ya hospitali hutolewa kwa kipimo, kwa barakoa usoni au kwa sindano, na mtaalamu anasimama pembeni akimwangalia mgonjwa anavyopumua. Mtu aliyesimama dirishani hawezi kujaza chumba chenye hewa inayopita kiasi cha kuwalaza watu wanne bila hata mmoja kukohoa. Saa nane usiku binadamu analala fofofo mwenyewe, na feni inameza sauti ndogondogo. Ondoa hofu hii mezani mapema, la sivyo itaharibu hesabu ya hatua ya 4.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa mmoja wa matukio, kila moja na njia yake ya kuingilia. Tukio lisilo na njia ya kuingilia likate.

## Hatua ya 2: Izunguke nyumba mara mbili

Mara ya kwanza mchana, ukianzia nje. Mara ya pili baada ya isha, taa za ndani zikiwa zinawaka na za nje zimezimwa. Nenda na yule anayekubishia zaidi. Ukienda na anayekuunga mkono hamtajifunza kitu.

Mchana shika nondo moja moja, uzivute kwa nguvu. Tazama pale zinapoingia kwenye saruji au mbao, maana kutu huanzia chini, rangi ikiwa bado nzuri juu. Tazama bawaba za milango ya nje: kama zimeonekana upande wa nje, pini zake zinaweza kugongwa zikatoka na kitasa kikabaki kimefungwa vizuri. Inua macho pia. Katika nyumba nyingi za zamani kuta za vyumba haziufikii paa na dari hakuna, kwa hiyo aliyeingia chumba cha mpangaji anaweza kuvukia cha kwako.

Usiku simama nje ya kila dirisha uandike unachokiona ndani. Simu inayochajiwa? Mkoba kwenye msumari? Funguo? Funguo zinazoonekana dirishani ni mbaya kuliko zote, kwani upondo ukizivuta mlango unafunguliwa kistaarabu.

Tahadhari: waambie majirani kabla ya kuanza kumulika madirisha kwa tochi. Kelele ya mwizi haiulizi kwanza nani mwenye nyumba.

## Hatua ya 3: Andika ugomvi, usiujibu

Jioni ya kwanza, kila mtu aseme tabia gani ya usalama inamkera au inamtisha. Anza na mdogo au mnyonge wa nyumba, kwa sababu baba akishasema wa kwanza, wengine wataitikia tu. Andika maneno yao yalivyo. Hakuna kujibu jioni hii.

Utasikia ya kawaida: joto, taa, geti, nani kaacha mlango. Lakini unachokitafuta hasa ni kile kinachofichwa. Mtoto amepoteza ufunguo tangu mwezi uliopita, akaogopa kusema, akachonga mwingine kwa fundi wa barabarani. Dada wa kazi hufungua mlango wa uani usiku kwenda chooni na hawezi kulisukuma komeo likarudi. Bibi hukesha akisubiri mjukuu arudi, ndiyo maana mchana anasinzia na mlango uko wazi. Nyumba yenye ukali mwingi juu ya funguo ndiyo yenye funguo nyingi zilizopotea kimyakimya, na ufunguo uliopotea bila taarifa unakishinda kitasa cha bei yoyote.

Kwa hiyo tangaza mapema, mbele ya wote: atakayesema leo kwamba amepoteza ufunguo hagombezwi, leo wala kesho. Na ulitimize, hata kama damu inachemka.

Umefanikiwa ikiwa: angalau jambo moja lililosemwa hukulijua. Kama yote ulikuwa unayajua, kuna aliyenyamaza. Mfuate peke yake, kwa upole, siku nyingine.

## Hatua ya 4: Pima kila tabia kwa alama mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa kila tabia mnayobishania, toa alama ya hatari na alama ya bugudha, kutoka 0 hadi 3. Hatari uijaze kwa kutazama ukurasa wa matukio, na bugudha ijazwe na yule inayomwangukia. Baba asimjazie mama bugudha ya joto la jikoni.

Kisha soma hivi:

- Hatari kubwa, bugudha ndogo: fanyeni kuanzia leo, hakuna mjadala.
- Hatari ndogo, bugudha kubwa: iacheni, hata kama aliyeianzisha ni mkuu wa nyumba.
- Zote kubwa: mpeni fundi, hatua ya 5.
- Zote ndogo: msizungumze tena.

Nichukue mifano inayogombanisha nyumba nyingi.

Kufunga dirisha la chumbani usiku. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi likiwa limekaa ndani ya kuta, bugudha ni 3 bila ubishi. Hatari je? Kama nondo ni imara, kilichobaki ni upondo tu, na upondo hauna kazi pasipo na cha kuvua. Basi fungueni dirisha, muondoe chambo. Suruali, mkoba, simu na funguo vilale kabatini au kwenye kona isiyoonekana kutoka dirishani. Usipime kwa urefu wa mkono. Chukua ule ufagio wa kutolea utando wa buibui, usimame nje, uone unafika wapi. Huo ndio mpaka.

Mlango wa alfajiri. Baba anatoka saa kumi na moja kwenda msikitini, anaurudishia tu mlango. Hoja yake ni kwamba ni nusu saa, na watu wanapita njiani. Alama ya hatari hapa ni 3: wote ndani wamelala, na anatoka wakati uleule kila siku, kwa hiyo yeyote anayeitazama nyumba anaijua ratiba. Kumwamsha mama kila siku aje afunge komeo ni bugudha 2. Kwa kuwa zote ni kubwa, dawa ni kitasa kinachofungwa kwa ufunguo kutoka nje na kufunguka kutoka ndani, na ufunguo ukae kwenye mfuko wa kanzu. Asiweke kufuli nje ya mlango akawafungia waliolala. Sababu iko hatua ya 6.

Kijana anayerudi saa sita. Watu hujadili tabia yake, na hayo ni malezi, yana kikao chake. Kwa upande wa mwizi, tatizo ni mlango unaomsubiri bila komeo. Mpe ufunguo wake, na muwe na misumari ya funguo ukumbini mahali pasipoonekana dirishani. Anayeingia anatundika. Anayekuta funguo zote ziko msumarini ndiye wa mwisho, ndiye anayesukuma komeo. Bibi akiamka usiku anatazama msumari, anarudi kulala bila kuita jina la mtu.

Taa ya nje. Ugomvi wa LUKU huisha kwa hesabu. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 1.8 kwa mwezi. Ile balbu ya zamani ya wati 60 hula uniti 21.6 kwa saa hizohizo. Aliyekuwa anazima taa alikuwa na haki wakati wa balbu ya zamani. Badilisheni balbu, iacheni iwake upande wa uani, kwa sababu mbele taa ya jirani na wapita njia vinasaidia.

Mlango wa mbele mchana. Kuna anayetaka ufungwe muda wote. Kwetu, mlango wa mbele uliofungwa mchana kutwa unasomeka kwamba humu hawataki watu, na hodi zikikoma macho ya majirani nayo hupungua. Mtu akiwa barazani, hatari ni 1 na bugudha ni 3. Uacheni wazi, mkaze wa uani, ambao hakuna anayeutazama.

Ufunguo chini ya chungu cha maua, au juu ya fremu ya mlango. Hatari 3. Kuacha tabia hii kunagharimu kuchonga ufunguo mmoja na kumwachia shangazi au jirani wa kuaminika. Kila mwizi ameshawahi kuwa na nyumba yenye chungu.

Kumfungia dada wa kazi na watoto ndani wakati watu wazima wametoka. Hii haipimwi. Inakatazwa.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha fupi. Ikiwa tabia za kukumbuka kila siku zimezidi nne, rudi ukapunguze. Nyumba yenye watu wanane haikumbuki sheria kumi.

## Hatua ya 5: Mpe fundi kinachowezekana kufanywa mara moja

Kila alichokifunga fundi hakihitaji kukumbushwa na mtu, na hakigombani na yeyote. Anza na mlango wa uani. Mara nyingi ni bati lililopigwa kwenye mbao nyembamba, wakati wa mbele ni mninga wa fahari.

Komeo halivunjiki lenyewe. Kinachong'oka ni skrubu fupi zilizoshika fremu kwa juu juu. Mwambie seremala atumie skrubu za inchi 3 zinazopita fremu hadi ukutani, na aweke komeo mbili, juu na chini, ili mlango usipinde ukisukumwa kona moja. Bawaba zilizo nje zichomelewe vichwa vya pini.

Masika, kati ya Machi na Mei, mbao hunyonya maji na mlango huvimba. Komeo halifikii tundu lake, watu wanasukuma mara tatu, wanachoka, wanaacha. Ugomvi wote wa "nani hajafunga" unaweza kuwa umetokana na milimita tatu za mbao. Apige randa ukingo wa mlango na apanue tundu kidogo, kisha mtie mafuta ya cherehani kila mwanzo wa mwezi. Kabla hujamlaumu mtu, jaribu komeo mwenyewe wakati wa mvua.

Nondo zilizooza chini zikatwe na kuchomelewa mpya, kisha zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 12. Dirisha lililo karibu na kitanda lipigwe wavu mgumu wa chuma kwa ndani. Unapitisha upepo, haupitishi ndoano.

Mtungi wa gesi ulio nje ufungwe kwa mnyororo kwenye nondo iliyochimbiwa, mahali penye hewa. Pampu ijengewe kikasha cha chuma.

Kwa wapangaji: kila mpangaji akihama, kitasa cha mlango wa ukumbi kibadilishwe silinda. Hujui alichonga funguo ngapi. Zungumza na mwenye nyumba kabla hujamlipa fundi, na mkikubaliana kukata kwenye kodi, iandikwe na kusainiwa. "Tutaelewana" imewapotezea wengi hela ya komeo.

Tahadhari tatu. Usiunganishe umeme kwenye nondo wala bati. Utaua mtoto wa jirani au wako, na utajibu mahakamani. Usipande vipande vya chupa kwenye ukuta mfupi ambao watoto hushika. Na usimwachie fundi funguo akaenda nazo kuchonga peke yake, nenda naye.

Umefanikiwa ikiwa: mtu mwenye nguvu akisukuma mlango kwa bega, hauchezi, na bibi kwa mkono mmoja anaweza kulivuta komeo.

## Hatua ya 6: Jaribu kutoka gizani

Kila ulichokifunga kumzuia anayeingia kinaweza kumzuia anayekimbia moto. Nyumba yenye nondo kila dirisha ina milango tu ya kutokea, kwa hiyo milango hiyo ni lazima ifunguke haraka kutoka ndani.

Usiku mmoja zimeni taa zote, kila mtu awe kitandani, kisha mmoja aite. Hesabuni hadi mtu wa mwisho afike nje. Ukivuka dakika moja, tafuteni kilichokawiza. Mara nyingi ni kufuli la ndani ambalo ufunguo wake uko chumbani kwa baba, au baiskeli. Tanga hii, ukumbi bila baiskeli ni nadra. Zisimamishwe upande mmoja, njia ibaki. Pikipiki yenye petroli isilale ukumbini kabisa. Ifungwe mnyororo uani.

Kama ni lazima mtumie kufuli kwa ndani, ufunguo wake uning'inie karibu na mlango huohuo, mahali mkono wa mtoto unafika na upondo haufiki. Namba ya Zimamoto ni 114, mtoto wa miaka saba anaweza kuikariri.

## Hatua ya 7: Kikao cha pili, na namna ya kusema

Sasa unayo orodha fupi na milango imetengenezwa. Jioni hii mnagawana kazi. Kazi ya kufunga apewe mtu kwa jina na kwa saa: wiki hii fulani, saa nne usiku, mlango wa uani na wa jikoni. Kazi ya "sote" haina mwenyewe.

Lugha ina kazi kubwa hapa. "Wewe kila siku unaacha mlango" huleta kesi ya mwaka juzi. Sema mlango na saa: "Mlango wa uani jana saa tano ulikuwa wazi, zamu ilikuwa ya nani?" Kwa mkubwa, anza na heshima yake. Mke anaweza kusema, "Baba, ukitoka alfajiri, naomba utufungie kwa ufunguo, watoto wanabaki kwenye amana yako." Kwa mama mkwe asiyetaka dirisha wazi, usimwekee tochi na daftari mbele. Mwombe akae ndani, na mjukuu apime kwa ule ufagio kutoka nje. Akiona mwenyewe haufiki kitu, neno limekwisha. Shemeji anayekaa kwa muda naye apewe zamu, maana mgeni asiye na kazi ndiye anayesahau mlango, na hakuna anayethubutu kumsema.

Faini za fedha sizipendi. Zinageuka deni, na deni linageuka uongo. Aliyesahau achukue zamu ya kesho.

Jaribuni wiki mbili, kisha muulizane tena alama za bugudha. Tabia iliyobaki na 3 irudi kwa fundi au ifutwe.

Umefanikiwa ikiwa: usiku wa kawaida hakuna anayeuliza "umefunga?" kutoka kitandani.

## Hatua ya 8: Siku zisizo za kawaida

Hesabu mliyofanya ni ya usiku wa kawaida. Ramadhani haiko hivyo: watu wote wanakwenda tarawehe wakati mmoja, na saa za daku milango inafunguliwa mara nyingi. Pangeni mtu wa kubaki kwa zamu, au mpatane na jirani: leo wa kwenu, kesho wa kwetu.

Msiba na harusi ni hivyohivyo. Nyumba nzima hutoka kwa pamoja, na mtaa wote unajua. Abaki mmoja, na si lazima awe dada wa kazi kila mara.

Mkisafiri kwenda Muheza au Lushoto, mwambie mjumbe na jirani mmoja, siyo hali yako ya WhatsApp. Nguo mbili kwenye kamba zianuliwe na jirani jioni na kutundikwa asubuhi. Usiku wa mvua kubwa, anayefunga azunguke mara ya pili. Ndio usiku pekee ninaoutetea ukaguzi wa mara mbili.

## Ikitokea wameingia

Ukisikia mtu ndani, washa taa, piga kelele, piga 112. Usimfuate gizani, na ukitoka usijiunge na wanaompiga aliyekamatwa. Anayeua mwizi aliyeshikwa anashtakiwa kama muuaji mwingine yeyote.

Kukipambazuka, msiguse walipopita. Andikeni saa mliyogundua na saa ya mwisho mliyojua kila kitu kipo, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 294, inatenganisha uvunjaji wa mchana na wa usiku, na wa usiku una adhabu kubwa zaidi. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kituo cha polisi mchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu. Simu iliyoibwa itahitaji namba yake ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Kila mtu abonyeze *#06# leo, aiandike kwenye daftari.

Na kwa siku ya kwanza hakuna kutafuta nani aliacha mlango. Jibu litakuja lenyewe mkirudi kwenye ukurasa wa hatua ya 4, pale mlipotoa alama. Siku hiyohiyo mwite fundi aangalie walipoingilia, na kama kuna ufunguo ulioondoka nao, kitasa hicho kibadilishwe kabla ya magharibi.